Kujiandaa kwa utungu wa kuzaa bila sindano ya mgongo: mwongozo kwa mama wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa mama mjamzito anayetarajia kujifungua kwa njia ya kawaida hapa Mombasa, na ambaye hatapata ile sindano ya mgongo ya kutuliza utungu, inayoitwa epidurali. Huenda hospitali aliyoichagua haina, huenda bei haimudu, au huenda yeye mwenyewe ameamua haitaki. Wengi wetu ni wa fungu la kwanza. Epidurali inataka daktari wa ganzi na uangalizi wa karibu wa mama kwa saa nyingi, na kwenye wodi nyingi za serikali daktari huyo yuko thieta na wanaofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo matayarisho yako ndiyo dawa yako ya kwanza, na yanahitaji wiki kumi hivi, si siku mbili za mwisho.

Mimi nimezaa mara mbili bila sindano hiyo. Mara ya kwanza nilikwenda nikiwa na begi zuri la nguo za mtoto na sijui lolote. Nilipouliza utungu uko vipi, kila mtu alinijibu "uchungu wa mwana aujua mzazi", kisha mazungumzo yakaishia hapo. Mara ya pili nilijiandaa. Siwezi kusema maumivu yalipungua sana, na anayekuahidi hivyo usimwamini. Kilichobadilika ni kwamba nilijua la kufanya, dakika hii na dakika inayofuata. Na nilichokijua zaidi ni kwamba utungu una mapumziko ndani yake. Karibu kila utakachosoma hapa chini ni namna ya kuyatumia mapumziko hayo.

Jambo moja tuliweke sawa kwanza. Watu husema "sindano ya mgongo" wakimaanisha vitu viwili. Ipo ganzi ya kufanyiwa upasuaji, na ile hupatikana popote penye thieta ya kuzalisha. Halafu ipo epidurali, ya kutuliza utungu huku mama akiendelea kuzaa kwa njia ya kawaida. Ukiuliza hospitali "mnayo sindano ya mgongo?" utajibiwa ndiyo, kumbe wanazungumzia ya upasuaji. Uliza hivi: "Mnayo ya kutuliza utungu wakati wa leba?"

Hatua ya 1: Ufahamu utungu kwa hesabu

Fanya hivi ukiwa na mimba ya wiki 28 au 30, umekaa mahali patulivu na saa mbele yako.

Utungu unapokolea, mara nyingi huja kila baada ya dakika tano hivi, na kila mmoja hukaa kama dakika moja. Tazama mshale wa sekunde ukizunguka dakika nzima. Sekunde ishirini za mwanzo utungu unapanda, ishirini za katikati uko kileleni, ishirini za mwisho unashuka. Kisha dakika nne hakuna kitu. Kwa saa moja, hizo ni dakika 12 za maumivu na dakika 48 za kupumzika. Kwa saa kumi, ni saa mbili za maumivu na saa nane za mapumziko. Karibu na mwisho nafasi huwa fupi, dakika mbili au tatu, lakini zipo.

Mara ya kwanza nilizitumia zile dakika nne kuuogopa utungu unaokuja. Mabega yalikuwa juu, meno nimeyauma, ngumi nimezikunja. Nilikuwa napumzika kwa jina tu. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1930: hofu hukaza mwili, mwili uliokazana huumia zaidi, na maumivu yale huzidisha hofu. Mwili wenye hofu hutoa adrenalini, na adrenalini ikiwa nyingi huweza kuzorotesha leba, kwa sababu inapingana na oksitosini inayolifanya tumbo la uzazi lijikaze. Mama aliyetulia mwili wake pia hutengeneza endofini, dawa ya maumivu isiyonunuliwa dukani.

Umemtazama msukuma mkokoteni wa maji akipanda mlima na mitungi ishirini? Hasemi na mtu. Anainamisha kichwa, anapumua, anasukuma. Akifika juu anaachia mikono, mabega yanashuka, anafuta jasho. Hakai pale juu akiuwazia mlima wa mbele. Nakuomba ujifunze kutoka kwake.

Hatua ya 2: Chagua mahali, na uulize maswali mapema

Hudhuria kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mama aonane na wahudumu angalau mara nane katika mimba moja. Jiandikishe mapema kwenye SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uhakikishe hospitali yako inaipokea.

Ukiwa Likoni, pima vizuri kabla ya kupanga kujifungulia kisiwani. Hospitali ya Mrima iko upande wako huo huo. Feri huvusha usiku na mchana, lakini utungu ukikubana kwenye foleni hutakuwa na pa kuegemea. Ukiwa Kisauni, Bamburi au Mtwapa, usiliamini Daraja la Nyali saa 11 jioni. Waliopewa rufaa, kama mama mwenye presha, mapacha au kovu la upasuaji wa zamani, wengi hupelekwa Coast General. Kama ni wewe, panga tangu mwanzo badala ya kusubiri kuhamishwa usiku.

Maswali ya kuuliza: Naruhusiwa kuingia na mtu wangu leba? Akiwa mwanamume je? Naweza kutembea, au nitalazwa tu? Naweza kunywa na kula kidogo? Kuna dawa gani ya maumivu? Hilo la mwisho uliulize kwa jina. Vituo vingine vina sindano ya pethidini. Hupunguza makali na humfanya mama asinzie, lakini ikichomwa karibu sana na kuzaa inaweza kumlegeza mtoto na kumsumbua kupumua, ndiyo maana sista atakupima njia kwanza, yaani aone mlango wa uzazi umefunguka kiasi gani. Kuitaka si dhambi. Na si ushindani.

Hatua ya 3: Mtafute mwenzio wa leba

Kama ungefanya hatua moja tu katika hizi zote, ningekuambia ufanye hii. Tafiti 26 zilizokusanywa pamoja, za wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi mbalimbali, zilionyesha kwamba mama aliyekuwa na mtu pembeni yake muda wote alielekea kuzaa kwa njia ya kawaida, leba yake ilikuwa fupi kidogo, na alihitaji dawa kidogo. Shirika la Afya Duniani lilisisitiza hilo katika miongozo yake ya mwaka 2018: kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Aliyemchagua mwenyewe. Huku kwetu mara nyingi anachaguliwa na wengine. Mama mkwe anataka kuwepo, shangazi amekuja kutoka Malindi, na mama mwenye tumbo anaona haya kusema. Sema, kwa adabu, lakini sema. Unamtaka mtu asiyeingiwa na kiwewe akikuona unalia, asiyekuambia "jikaze, wenzako wanazaa kumi", na asiyetoka kila mara kupokea simu. Kwangu alikuwa mama mdogo. Hakuwa mkunga wala hakusomea lolote, ila ana mikono mizito na maneno machache.

Mume akitaka kuwepo, vizuri. Katika wodi nyingi za serikali kina mama huchangia chumba kimoja na mapazia katikati, kwa hiyo wanaume huzuiwa kwa ajili ya sitara ya kina mama wengine. Basi apewe kazi ya nyumbani: afundishwe kukukanda mgongo kama ilivyo hapa chini, kwani saa nyingi za mwanzo utakuwa nyumbani.

Mfundishe mwenzio mambo matatu. La kwanza, kubana nyonga: utungu ukianza, aweke viganja vyake pande mbili za nyonga zako kwa nyuma na asukume kwa ndani, kwa nguvu, mpaka utungu upite. La pili, kukandamiza kiuno: kisigino cha kiganja juu ya mfupa wa chini ya kiuno, akikandamiza bila kusugua. Hili litakufaa sana ukiumwa zaidi mgongoni, jambo linalotokea mara nyingi mtoto akiwa amekaa uso wake umeelekea tumboni kwako. La tatu, neno lenu moja la mapumziko. Letu lilikuwa "shusha". Kila utungu ulipokwisha mama mdogo alinigusa mabega na kusema "shusha", nami nikashusha mabega, nikafungua ngumi, nikaachia taya.

Kwa nini kukandwa kunasaidia? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kama lango ambalo taarifa za maumivu hulipitia kwenda ubongoni. Mguso, joto na mkandamizo hupita lango lilo hilo, na zikiwa nyingi hulibana, maumivu yakapita kwa shida. Ndivyo ufanyavyo ukijigonga goti: mkono unakwenda kusugua kabla hujafikiri.

Hatua ya 4: Zoezi la barafu

Hili lifanyeni wewe na mwenzio, kuanzia wiki ya 32, mara tatu kwa wiki. Linachukua nusu saa tu.

Toa barafu frijini, au mwombe jirani, vipande vya ukubwa wa limau. Kaa kitini miguu ikigusa chini. Mwenzio ashike simu yenye saa. Akisema "umeanza", bana kipande kiganjani na usikiachie kwa dakika moja. Sekunde kumi za kwanza ni baridi tu. Ya ishirini, kiganja kinaanza kuchoma. Ya thelathini na tano utataka kutupa, na hapo ndipo utakapojiona ulivyo: wengine hukunja vidole vya miguu, wengine huzuia pumzi, wengine husonya. Mimi nilikuwa nauma mdomo wa chini. Sikuwa nalijua hilo miaka yangu yote.

Sasa rudia, ukipumua. Vuta hewa kwa pua taratibu, kisha itoe kwa mdomo polepole, ndefu kuliko ulivyovuta, kama unayepuliza uji wa moto kwenye kijiko bila kuumwaga. Uji ukimwagika, umepuliza kwa nguvu mno. Pumzi tano au sita za namna hiyo na dakika imekwisha. Mwenzio aseme "umepita", utupe barafu kwenye bakuli, na mfanye lile la mapumziko: mabega, ngumi, taya. Maji kidogo. Dakika mbili, kisha mkono mwingine. Fanya mara nane.

Baada ya wiki mbili ongeza sauti. Utoapo pumzi, toa na sauti nene ya chini, "ooo" au "mmm", kutoka kifuani. Sauti nyembamba ya juu hukaza koo na kupandisha hofu, nene hulegeza. Nilimwona nyanya akicheka aliposikia mngurumo wangu kutoka ukumbini, kisha akasema wao zamani waliambiwa wafunge mdomo wasisikike na wanaume nje. Mdomo uliofungwa kwa nguvu hukaza mwili mzima, mpaka chini huko. Ukiona haya kunguruma mbele ya watu, jizoeze sasa, kwa sababu siku hiyo haya itakugharimu.

Wapo wanaofanya vizuri zaidi na maneno kuliko sauti. Dhikri ina mpangilio wake wa pumzi: neno moja kwa kila pumzi inayotoka, na tasbihi mkononi ya kuhesabia. Wakristo wana pambio. Neno lolote fupi ulilolizoea tangu utotoni litakuwa karibu na ulimi hata akili ikichoka. Na ukilia, lia. Bibi Maryamu utungu ulipomfikisha kwenye shina la mtende alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakuna aliyemwita mwoga.

Hatua ya 5: Mwili

Tembea kila siku, nusu saa, jioni jua likipungua. Pale Mama Ngina, kando ya bahari, pana upepo na pana pa kukaa. Nyumbani, badala ya kuzama kwenye sofa, kaa kwenye kigoda kifupi, kimo cha mbuzi ya kukunia nazi, magoti mbali, tumbo likining'inia katikati, mgongo umeinama mbele kidogo. Nyanya zetu walikaa hivyo saa nzima kwa ajili ya chakula cha mchana. Kila siku pia piga magoti juu ya mkeka na viganja chini, uzungushe kiuno taratibu. Ukiwa na presha, unatokwa damu au umeambiwa upumzike, uliza kliniki kwanza.

Kuanzia wiki ya 34 unaweza kuchua mahali pa kutokea mtoto. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni, paka mafuta safi ya nazi kwenye vidole gumba, viingize kiasi cha sentimita tatu, kisha uvute chini na pembeni, polepole, mpaka usikie kuchoma kidogo. Shikilia dakika moja, upumue ule uji. Jumla dakika tano, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa mama wa mimba ya kwanza hupunguza uwezekano wa kupata jeraha la kushonwa. Usifanye ukiwa na fangasi, maambukizo, au kama chupa imepasuka.

Kuhusu tende, utafiti mmoja mdogo wa Jordan uliochapishwa 2011 uliwafuata wanawake waliokula tende 6 kwa siku katika wiki nne za mwisho. Walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi kuliko wenzao. Mimi nilikula, na nilizipenda. Mwenye kisukari cha mimba aulize kwanza.

Lakini dawa za kuongeza utungu, sikia dada yangu, usiziguse. Mizizi ya kuchemsha, mafuta ya nyonyo, vidonge vya kupenyezewa dukani. Hakuna anayejua kipimo chake ni kiasi gani kwako, na tumbo la uzazi likilazimishwa kujikaza kupita kiasi huweza kupasuka, au mtoto akakosa hewa. Ukiwa umezinywa tayari, mwambie sista ukweli ufikapo. Atakugombeza labda, lakini atajua afanye nini.

Hatua ya 6: Begi

Liwe tayari wiki ya 36. Kijitabu cha kliniki, kitambulisho, pedi kubwa, pamba, nguo za mtoto, ndara, beseni, sabuni, chaja. Haya unayajua. Ninayoyaongeza ni ya utungu: leso nne kuukuu zilizolainika, moja ya kulowesha maji baridi na kuwekwa shingoni, moja ya kufungwa kiunoni ili mwenzio aivute, mbili za kukalia, chupa ya chai yenye maji moto na kitambaa cha kukanda kiuno, chupa mbili za maji ya kunywa, tende, ndizi, glukosi. Kwa nyumbani, jaza mtungi wa maji na usiuguse kuanzia wiki ya 37. Mabomba ya Mombasa hayajui tarehe yako ya kuzaa, na maji ya kuoga ndiyo yatakayokuokoa saa za mwanzo.

Hatua ya 7: Utungu unapoanza, ukiwa nyumbani

Kwanza hakikisha ndio wenyewe. Utungu wa uongo huja ovyo na hupotea ukitembea au ukinywa maji na kulala ubavu. Wa kweli huongezeka urefu, ukali na ukaribu hata ufanye nini. Unaweza kuona ute wenye damu kidogo.

Ukianza usiku, lala. Najua utaona jambo hili haliwezekani, lakini lala hata kwa vipande, kwani mimba ya kwanza hatua hii inaweza kukaa siku nzima au zaidi. Mchana, fanya kazi nyepesi. Kula uji, mkate, dafu. Kojoa kila baada ya saa mbili, kwa sababu kibofu kilichojaa kinaziba njia na kinaongeza maumivu. Usianze kupuliza uji mpaka utungu ukukatishe maneno. Mbinu ukizimaliza asubuhi, jioni utabaki na nini?

Utungu ukikukatisha maneno, simama, egemea ukuta au mabega ya mwenzio, yumbisha kiuno. Ingia bafuni. Kaa kwenye kigoda, mwenzio akumwagie maji ya uvuguvugu mgongoni kwa kopo, polepole, wakati wote wa utungu. Kwangu hili lilishinda kila kitu. Mtungi mzima wa lita ishirini ulikwisha, na yale maji yakiteremka kwenye mfereji wa mgongo nilisikia utungu umebaki mbele peke yake, kama nusu yake imeoshwa.

Nenda hospitali utungu ukija kila dakika tano, ukikaa dakika moja, kwa muda wa saa moja. Mwenye safari ndefu, au aliyewahi kuzaa, atoke mapema zaidi. Na usingoje hesabu yoyote ukiona haya: damu inayotoka kama ya hedhi au zaidi, chupa kupasuka hata bila utungu, hasa maji yakiwa ya kijani, mtoto kupunguza kucheza, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu, homa, degedege, au utungu kabla ya wiki 37. Kitovu cha mtoto kikitangulia kutoka kabla ya mtoto mwenyewe, piga magoti kifua chini matako juu, na upelekwe hivyo hivyo.

Njiani kaa kiti cha nyuma, ukiegemea ubavu wa kushoto. Uwe umeongea na dereva wa teksi au tuktuk wawili tangu wiki ya 37, mmoja asipopatikana mwingine yupo. Bodaboda hapana.

Hatua ya 8: Wodini

Kufika hospitali mara nyingi hupunguza utungu kwa muda. Taa, maswali, watu wageni, ile adrenalini imerudi. Usikate tamaa, rudia pumzi zako na utungu utarudi.

Jitambulishe kwa sista kwa heshima na umwambie mambo mawili tu: "Najaribu kupumua na utungu, naomba nikikuita unielekeze," na "Ukitaka kunipima njia, naomba usubiri utungu upite." Hilo la pili ni dogo lakini kupimwa katikati ya utungu kunauma mara mbili. Ukiambiwa njia ni sentimita tatu, usilie kwamba umechelewa. Kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 leba kamili huhesabiwa kuanzia sentimita tano, na kutoka hapo kwa mimba ya kwanza kwa kawaida haizidi saa 12. Kufunguka hakuendi kwa mstari ulionyooka.

Usilale chali ikiwa unaruhusiwa vinginevyo. Simama kando ya kitanda, piga magoti juu yake ukikumbatia mto, au lala ubavu. Ukizidiwa, badilisha mkao kila nusu saa, hata kama hutaki.

Nilipojifungua mara ya kwanza, muuguzi mmoja alinipiga kofi la paja na kuniambia ninyamaze. Bado nakumbuka joto la lile kofi. Nakuambia ili ujue kwamba haistahili. Ibara ya 43 ya Katiba yetu ya 2010 inakupa haki ya huduma bora ya afya, na afya ya uzazi imetajwa kwa jina. Mwenzio ndiye wa kusema kwa wakati huo, kwa upole na kwa uwazi: "Sista, tafadhali, zungumza naye, atasikia." Na ujue pia kwamba wapo masista wengi wanaokesha peke yao na kina mama kumi, na wanakushika mkono hivyo hivyo.

Hatua ya 9: Utakaposema "siwezi tena"

Utalisema. Karibu kila mama hulisema, na mara nyingi hulisema njia ikiwa kati ya sentimita 8 na 10. Utatetemeka miguu, utatapika labda, utahisi joto na baridi pamoja, utataka kwenda nyumbani. Mapumziko yatakuwa mafupi mno. Mweleze mwenzio tangu sasa: akilisikia neno hilo, asikuonee huruma ya kukutoa machozi. Asogee uso wake karibu na wako, apumue nawe kwa sauti, na akuambie umekaribia. Hapa ndipo mama wengi huomba upasuaji kumbe kumebaki saa moja au chini yake. Usihesabu utungu uliobaki. Fanya huu, kisha "shusha".

Leba ikisimama kweli, au moyo wa mtoto ukibadilika, na daktari akasema upasuaji, uliza sababu kwa sentensi moja na ukubali. Pumzi zile zile zitakufaa ukichomwa ganzi.

Hatua ya 10: Kusukuma

Utahisi kama unataka choo kubwa, na hutaweza kuzuia. Mwite sista akupime kabla hujasukuma. Njia ikiwa imefunguka, kidevu kifuani, sukuma kuelekea chini pale pale unapohisi uzito, si kwa uso na mashavu. Wengi husema kusukuma kunauma tofauti, na afadhali, kwani sasa una kazi. Kati ya utungu mmoja na mwingine lala kabisa, hata usinzie.

Kichwa kinapotokeza panachoma kama pilipili mbichi kwenye mdomo uliochanika. Hapo acha kusukuma kwa nguvu. Hema kwa pumzi fupi fupi, kama unayewasha jiko la makaa kwa mdomo, ukimsikiliza mkunga. Dakika hizo chache za kutokuwa na haraka ndizo zinazookoa ngozi yako. Kitambaa cha maji moto kikiwekwa pale husaidia, kiombe.

Hatua ya 11: Baada yake

Utachomwa sindano pajani mara tu mtoto atokapo. Ni ya kuzuia damu, ikubali. Mtoto awekwe kifuani kwako. Kondo la nyuma litatoka kwa utungu mdogo.

Ukihitaji kushonwa, uliza: "Umeweka ganzi?" Ngoja ishike, na ukiisikia sindano sema mara moja. Umeshamaliza leba, hakuna sababu ya kushonwa unasikia.

Siku mbili tatu zinazofuata utapata chango, tumbo likijirudi, na litakubana zaidi mtoto akinyonya, hasa ikiwa si uzazi wako wa kwanza. Hakuna aliyenitahadharisha juu yake mara ya pili, nikadhani kuna kilichobaki ndani. Pumua ule uji. Omba paracetamol nusu saa kabla ya kunyonyesha, na ukojoe kwanza. Damu ikiloweka pedi nzima ndani ya saa moja, ukipata homa, au uchafu ukinuka, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama arubaini haijatimia na wakubwa wanasema mzazi hatoki.